Kuku wa Mwanangu Wamekwama Kwenye Theluji: Je, Tuwawashie Moto?

Kwa Mshauri wa Mifugo,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Kahawa West hapa Nairobi, na nimefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Ninakuandikia kwa sababu ya kuku ambao si wangu na ambao sijawahi kuwagusa, ila wameninyima usingizi na wameanza kuvuruga amani ya familia yangu.

Kitinda mimba wangu anaishi na mke wake na watoto wao wawili karibu na jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Majira yao ya joto yaliyopita walinunua kuku sita na kuwajengea banda la mbao uani, kwa kuwa alitaka watoto wakue wakijua yai linatoka wapi. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Sasa theluji imeanguka, na wajukuu hunipigia simu ya video kunionyesha mambo yanavyokwenda. Mlango wa banda unapofunguliwa, kuku husogea mpaka kizingitini, mmoja akainua mguu na kuurudisha, kisha wote wakageuka na kurudi ndani huku wakilalamika. Siku moja kuku aliruka akatua katikati ya theluji, akasimama pale pale kama aliyepigwa na bumbuwazi, asisogee hata hatua moja mpaka mwanangu alipokwenda kumbeba. Wanne kati yao ni wa rangi ya kahawia na wana vilemba vidogo. Hao wanaonekana wazima. Wawili ni weupe, wana vilemba vikubwa vinavyolala upande, na ncha za vilemba hivyo zimeanza kuwa nyeusi. Mayai nayo yamepungua hata kuna siku halipatikani hata moja.

Nilimwambia mwanangu awawekee jiko, au angalau ile balbu kubwa ya kutoa joto. Mkaza mwana wangu alikataa katakata. Anasema kuku ana manyoya na hahitaji moto. Badala yake ameziba kila tundu la banda kwa plastiki na magunia ili upepo usiingie, na asubuhi kioo cha dirisha la banda huwa kimejaa matone ya maji yaliyoganda kwa ndani. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kuwaacha viumbe wa Mungu wateseke kwa baridi kisha akaita jambo hilo ufugaji. Tangu nilipotamka maneno hayo, simu zangu hupokelewa na mwanangu peke yake.

Nimefuma masweta sita madogo ya sufu kwa ajili ya kuku hao, na kuna jirani anayesafiri kwenda huko ambaye amekubali kuyabeba. Naomba uniambie kama niyatume. Naomba pia uniambie kama kuku hao wanateseka, na kati yangu na mkaza mwana wangu ni nani anayesema kweli. Mimi hapa Nairobi, kila Julai baridi inapozidi, huingiza jiko la makaa ndani ya banda usiku na kufunga mlango, na kuku wangu wakubwa hawajawahi kufa kwa baridi. Ni vifaranga tu ambao Julai iliyopita niliwakuta asubuhi wamekufa kadhaa kwa pamoja, bila alama yoyote, ilhali jioni walikuwa wakila vizuri. Nilidhani ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza.

Wako,
Mama wa Kahawa West

*

Mama,

Nitaanza na jibu lenyewe kwa sababu kuku hao watalala katika banda hilo usiku wa leo. Mkaza mwana wako ana haki kukataa moto, lakini hana haki kuziba matundu. Wewe nawe uliona jambo la kweli ulipotambua weusi katika vilemba vya wale kuku weupe, ila chanzo chake hakiko pale ulipokitafuta. Kinachowaumiza kuku hao kwa sasa ni unyevu uliofungiwa ndani pamoja nao, nao unaweza kuondolewa leo hii bila gharama yoyote.

Mwili wa kuku mzima una joto la takribani nyuzi 41 za Selsiasi, yaani zaidi ya joto letu kwa nyuzi nne hivi, nao umeundwa kulilinda joto hilo. Baridi inapomshika, kuku hutimua manyoya yake mpaka akaonekana mnene kupita kiasi. Hewa inayonaswa kati ya manyoya ya ndani, yale malaini, ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Anapolala huketi juu ya vidole vyake akavifunika kwa manyoya ya tumbo, akaingiza kichwa chini ya bawa, na akabanana na wenzake ubavu kwa ubavu. Hata ile miguu iliyo wazi, ambayo mtu akiitazama humwonea huruma, ina utaratibu wake: mishipa inayopeleka damu ya moto chini hupita sambamba na ile inayorudisha damu baridi juu, joto likahamia katika damu inayorudi kabla halijapotelea kwenye barafu. Ndiyo maana kuku husimama kwa mguu mmoja na kuubadilisha baada ya muda, na hilo peke yake si dalili ya mateso.

Ni kweli kwamba asili ya kuku wote ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ambako theluji haijulikani. Hata hivyo wafugaji wa nchi za baridi wamekuwa wakichagua kwa vizazi vingi wale wanaostahimili. Huko Quebec, Kanada, mtawa mmoja mwanzoni mwa karne ya 20 alizalisha aina iitwayo Chantecler ambayo kilemba chake ni kidogo mno, kusudi kisiwe na ncha ya kuganda. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuku wa kahawia wa mwanao na wale wawili weupe. Kwa maelezo yako, hao weupe wanafanana na Leghorn, aina yenye asili ya Italia, hodari sana wa kutaga, lakini yenye kilemba kikubwa kisicho na unyoya wowote wa kukikinga. Kilemba na vile vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo ndivyo huumia kwanza, kwa kuwa damu ya huko hupungua mwili unapojitahidi kulinda moyo na matumbo.

Sasa tuje kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu hicho ndicho kilichonieleza mengi kuliko yote uliyoandika. Kuku sita wakilala ndani ya banda dogo hutoa mvuke usiku kucha kwa kupumua, na kinyesi chao kibichi, ambacho karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, huongeza mvuke mwingine. Usipopata pa kutokea, mvuke huo hutua mahali penye baridi zaidi. Hutua kwenye kioo, na hutua vilevile kwenye vilemba. Kilemba chenye unyevu huganda mapema kuliko kilemba kikavu katika baridi ile ile, na manyoya yaliyonyeshewa na mvuke humfaa kuku kiasi ambacho blanketi lililolowa lingemfaa mtu. Pamoja na mvuke kuna amonia itokayo kwenye kinyesi, ambayo huchoma macho na mapafu na kuwafungulia mlango magonjwa ya kifua. Kwa hiyo banda lililozibwa huweza kuwa na joto kidogo zaidi kuliko nje, huku likiwadhuru kuku kuliko ambavyo baridi kavu ingewadhuru.

Dawa yake ni kufungua juu na kuacha chini pamezibwa. Mwanao akate au azibue matundu karibu na paa, katika pande mbili zinazotazamana, yawe juu kuliko vichwa vya kuku wanapokuwa wamelala kwenye miti yao, na ayafunike kwa wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, kwa maana huko kuna vicheche na rakuni ambao hupenyeza mikono. Hewa yenye mvuke ni ya moto kidogo, hupanda, hivyo itatoka yenyewe. Yale magunia na plastiki za mkaza mwana wako yabaki upande wa chini, usawa wa mahali kuku wanapolala, kwa kuwa upepo unaopiga moja kwa moja kwenye manyoya huyatawanya na kuitoa ile hewa ya moto iliyonaswa. Kazi yake haikuwa ya bure, basi. Nusu yake ibaki na nusu yake iondolewe. Namna ya kujua kama matundu yametosha ni nyepesi: asubuhi na mapema, kabla ya kufungua mlango mkubwa, mtu aingize kichwa mpaka usawa wa kuku na kuvuta pumzi. Akisikia harufu ya kuwasha puani, au akikuta kioo kimelowa, bado hewa haitoki vya kutosha.

Sakafuni waweke maranda makavu ya mbao au majani makavu ya ngano, yawe mengi, na wayaongeze kila yanapoanza kulowa. Miti ya kulalia nayo inahitaji kuangaliwa. Sisi huku huwapa kuku kijiti cha mviringo na hatuoni tatizo, lakini katika baridi ya kule ubao bapa wa upana wa sentimita tisa hivi unafaa zaidi, kwa sababu kuku huketi vidole vikiwa vimenyooka na kufunikwa kabisa na tumbo, badala ya ncha za vidole kuchomoza upande wa pili.

Vilemba ambavyo tayari ni vyeusi visisuguliwe, visikandwe kwa maji ya moto, wala visikatwe. Sehemu iliyokufa itakauka na kudondoka yenyewe kadiri siku zinavyopita, na huku ikiwa bado hapo huikinga nyama nzima iliyo chini yake. Kubwa ni kutoyeyusha kilemba kilichoganda kisha kuku akarudishwa pale pale kikagande tena usiku, maana kuganda mara ya pili huumiza kuliko mara ya kwanza. Kuku mwenye jeraha bichi akiingizwa mahali penye joto la wastani, akae humo mpaka hali ya hewa itengemae. Wakiona uvimbe, majimaji au harufu mbaya, wamwite daktari wa mifugo. Wengine hupaka vilemba mafuta ya mgando. Yakipakwa kidogo hayana madhara, ila mimi nisingeyategemea mahali ambapo banda lenyewe bado lina unyevu.

Kuhusu masweta, mama, naomba usiyatume. Ninajua ni kazi ya mikono yako na ya mapenzi, na ninalisema hili kwa heshima. Sweta hulaza manyoya na kumzuia kuku asiyatimue, yaani humnyima kile kinga alichozaliwa nacho. Likilowa hubaki limemganda mwilini. Na laweza kunaswa na msumari au kumfunga mabawa asiweze kujiokoa. Sufu hiyo ifumue, uwafumie wajukuu kofia na glavu. Wao ndio wanaotoka nje kila asubuhi kufungua banda, na hawana manyoya.

Suala la moto nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wenu ulipoanzia. Balbu kubwa ya joto inayoning'inia juu ya maranda makavu, ndani ya banda la mbao lenye vumbi na kuku wanaoruka, ni hatari iliyo wazi. Mabanda huungua kwa njia hiyo kila majira ya baridi, na banda lililo karibu na nyumba huweza kuichukua na nyumba. Baadhi ya balbu hizo hupakwa utando uleule wa vikaango visivyogandisha chakula, nao ukipata moto mwingi hutoa mvuke unaoua ndege. Tena kuku aliyezoeshwa joto la balbu hakui na manyoya mazito kama mwenzake, hivyo umeme ukikatika katikati ya dhoruba ya theluji hujikuta ameingia ghafla katika baridi ambayo mwili wake haukujiandaa kuikabili. Huko Minneapolis usiku wa Januari kwa kawaida hushuka hadi karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na kuna vipindi vya kushuka zaidi ya hapo. Kuku wazima wenye manyoya kamili, walio katika banda kavu lisilo na upepo, huvuka usiku wa kawaida wa huko bila moto. Wanaohitaji kuingizwa mahali pa joto ni wagonjwa, wazee waliodhoofika, vifaranga, na yule ambaye baridi imemkuta akiwa amenyonyoka katika kubadilisha manyoya. Ikija baridi ya kupita kiasi na familia ikaona lazima kuwe na joto, basi kuna vibao bapa vya umeme vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambavyo humpasha kuku anayesimama karibu navyo bila kufikia joto la kuwasha maranda. Hata hivyo mimi ningetanguliza matundu ya juu kabla ya kununua chochote.

Uliuliza kama wanateseka. Kuku anayeteseka kwa baridi hujikunyata mchana kutwa, hashuki kula hata akiona chakula, kilemba chake huwa cha zambarau au hupauka, na ukimgusa hajali. Kuku uliowaeleza wanatembea, wanafika mlangoni, wanalalamika na kurudi ndani. Hao wanakataa theluji, na hilo ni jambo tofauti. Kuku huijua dunia yake kwa macho na kwa kuparua. Ardhi aliyoizoea, yenye rangi, majani, mawe na wadudu, imetoweka usiku mmoja, na mahali pake pamekuja kitu cheupe kisicho na alama, ambacho mguu huzama ndani yake. Zaidi ya hayo, katika weupe ule yeye huonekana na mwewe kutoka mbali. Tahadhari yake ina maana. Yule aliyeruka na kusimama katikati alikuwa amepotewa na pa kukanyaga, na mwanao alifanya vyema kwenda kumbeba badala ya kumngoja ajikwamue, kwa sababu kuku wa namna hiyo huweza kusimama pale pale muda mrefu mpaka miguu ikaganda.

Wasilazimishwe kutoka. Mwanao asafishe eneo dogo mbele ya mlango kwa sepetu, atandaze majani makavu juu yake, na ikiwezekana atie paa la mabati au turubai juu na plastiki angavu upande unaotoka upepo. Mara tu kuku watakapoona ardhi yenye rangi wanayoitambua, wengi watatoka wenyewe, na baada ya muda wengine huanza hata kukanyaga theluji nyembamba. Siku ambazo haiwezekani kabisa, wabaki ndani na wapewe kazi. Kuku waliofungiwa bila shughuli huanza kudonoana na kunyonyoana, na kidonda kidogo kikitoka damu wote hukiandama. Kabichi nzima iliyofungwa kwa kamba na kuning'inizwa usawa wa shingo zao itawashughulisha kwa saa nyingi, sawa na unavyowafungia wako sukuma wiki. Ngano au mahindi yaliyopondwa, kiasi cha kiganja, yarushwe kwenye maranda jioni ili waparue. Nafaka hiyo huwapa pia joto la kumeng'enya usiku. Isizidi kiasi hicho, kwa maana mahindi yana protini kidogo kuliko chakula cha kutagia, na kuku akishiba mahindi ataacha kile anachokihitaji kwa manyoya na mayai.

Maji ndiyo kazi ngumu kuliko zote huko, na ndiyo ningependa wajukuu wapewe kama jukumu lao. Kuku hunywa maji yenye uzito unaokaribia mara mbili ya chakula anachokula, kwa hiyo chombo kilichoganda asubuhi na kisishughulikiwe mpaka jioni humfanya aache kula na kisha kutaga. Wengine hudhani kuku atakula theluji akatosheka. Ataidonoa, lakini hatapata maji ya kutosha, na atapoteza joto la mwili kuiyeyusha. Wabadilishe maji mara kadhaa kwa siku au wanunue kitako cha umeme cha kuzuia maji yasigande, na mdomo wa chombo uwe mwembamba ili wale weupe wasilowanishe vinyama vya shingoni wanapokunywa.

Kupungua kwa mayai kusiwatie hofu. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hatukuzoea kuona kuku akisimama kutaga kwa ajili ya jua. Minneapolis mchana wa katikati ya Desemba haufikii urefu wa saa 9. Mwili wa kuku hupima urefu wa mchana, kwa macho na pia kwa sehemu ya ubongo inayopokea mwanga unaopenya fuvu, na ili atage mfululizo huhitaji saa 14 hadi 16 za mwanga. Taa ndogo isiyotoa joto, ikiwashwa alfajiri, ingerudisha sehemu ya mayai, na wafugaji wa biashara hufanya hivyo. Kwa kuku sita wa nyumbani ningewaacha wapumzike mpaka mchana urefuke tena. Hayo machache yanayotagwa yaokotwe mapema, kwa kuwa yai likiganda hupasuka.

Sasa kuhusu mkaza mwana wako. Nadhani kilichomuumiza hakikuwa kutofautiana nawe juu ya balbu. Ulimwambia, kwa maneno mengine, kwamba hana huruma, wakati yeye alikuwa ametoka kwenye baridi ile akiziba matundu kwa mikono yake ili kuku wasipigwe na upepo. Yeye naye anawapenda kuku hao. Nakuomba umpigie yeye mwenyewe, usimtume mwanao kupeleka ujumbe. Tofauti ya saa kati yenu wakati huu wa mwaka ni tisa, hivyo saa kumi na moja jioni kwako ni saa mbili asubuhi kwao, wakati wa kufungua banda. Mwambie kwamba uliuliza, na kwamba umejibiwa kuwa alikuwa na haki kuhusu moto. Likae hilo kwanza, bila kuambatanishwa na "lakini". Mazungumzo yakishatulia, mwulize kuhusu kioo na harufu, kisha mweleze habari za matundu ya juu kama jambo ambalo mnaweza kulitazama pamoja. Una uzoefu wa miaka mingi wa kumtazama kuku na kujua ana nini, na yeye ana uzoefu wa baridi ambayo wewe hujawahi kulala ndani yake. Kuku hao wanahitaji vyote viwili.

Limebaki lako la Julai, nami naliandika kwa uzito. Tafadhali usiingize tena jiko la makaa katika banda lililofungwa. Makaa yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi wowote, hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Ndege huathirika nayo kabla ya binadamu kwa jinsi mapafu yao yanavyopitisha hewa. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka na ndege migodini ili wawaonye, desturi iliyodumu mpaka mwaka 1986. Vifaranga waliokuwa wakila vizuri jioni, wakakutwa asubuhi wamekufa kwa pamoja bila alama, karibu na jiko na mlango ukiwa umefungwa, hawaonyeshi picha ya kideri. Kideri mara nyingi hutanguliwa na dalili, kama kukohoa, kuhara kijani, kupooza au shingo kupinda, na kingewagusa pia kuku wakubwa wasiochanjwa.

Baridi ya Julai ya Nairobi, ambayo usiku huwa karibu nyuzi 11 au 12, haimtishi kuku mkubwa hata kidogo. Mpe banda kavu, matundu ya juu yaliyo wazi, na chakula cha kutosha, kwa maana baridi humwongezea njaa. Vifaranga ndio wanaohitaji joto, na ni vyema wakae mbali na wakubwa. Wiki ya kwanza wapate nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka waote manyoya kamili, yapata wiki ya sita. Balbu ya umeme iliyofungwa imara kwa mnyororo, katika boksi pana lisilo karibu na nyasi kavu, ni salama kuliko makaa, nawe ukiwepo nyumbani kuiangalia. Umeme ukipotea na ukalazimika kutumia jiko, liwashe nje mpaka moshi uishe kabisa, liingize katika chumba chenye matundu wazi juu na chini, lizungushie wavu, na lisikae ndani usiku kucha bila mtu, wala mtu asilale katika chumba hicho. Vifaranga wenyewe watakuambia kama joto limetosha. Wakirundikana chini ya balbu wakilia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema mdomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wakila na kulala popote, usiguse kitu. Na chanjo ya kideri uwapatie hata hivyo, kabla Juni haijaingia.